Weka sola kwenye ramani kabla hujapaua: mwongozo kwa anayejenga au kukarabati Dodoma

Kila siku katikati ya mwaka, saa 3 kasoro asubuhi, kivuli cha simtanki langu kinapanda juu ya bati na kutulia kwenye paneli ya pili. Hakitoki mpaka saa 4 na nusu. Chenyewe hakizidi upana wa mkeka wa kusalia, lakini kinatosha kudumaza safu nzima ya paneli nne. Mnara wa tanki ulitangulia, paneli zikaja miaka mitatu baadaye, na hakuna aliyegundua mapema kwamba vitu hivyo viwili vitagombea jua lilelile. Fundi wa tanki alifanya kazi yake vizuri. Fundi wa sola naye hakukosea. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu ramani ilikuwa mkononi mwangu.

Wenzetu wa nchi nyingine jambo hili wamelitungia sheria. California, Marekani, tangu Januari 1, 2020 nyumba mpya ya kuishi inajengwa na sola yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo jipya la majengo mwaka 2024, na limepangwa kwa awamu: majengo mapya ya umma na ya shughuli nyingine zisizo za makazi yanayozidi mita za mraba 250 yawe na sola ifikapo mwisho wa 2026; majengo yasiyo ya makazi yaliyopo tayari, yanayozidi mita za mraba 500, yawekewe pale yanapofanyiwa ukarabati mkubwa, kuanzia mwisho wa 2027; nyumba mpya za kuishi zisubiri hadi mwisho wa 2029. Jimbo la Baden-Württemberg la Ujerumani lilitangulia: tangu Januari 2023, ukilifumua paa la nyumba yako na kulitengeneza upya, sola inaingia humo humo. Tokyo walichagua njia nyingine. Kuanzia Aprili 2025, kwa nyumba ndogondogo mzigo umewekwa kwa kampuni kubwa zinazojenga nyumba kwa wingi, si kwa baba na mama wanaonunua.

Hapa Dodoma kibali cha ujenzi hakikudai paneli. Kwa hiyo mwongozo huu si wa kukimbia faini. Nimezitaja sheria hizo kwa sababu ukizisoma kwa makini utaona kinachotajwa kila mara ni wakati: nyumba inapojengwa, au paa linapofumuliwa. Hawamfuati mtu aliyetulia na bati lake zima. Wanamkamata akiwa na mafundi juu, mbao chini na jukwaa limeshasimama, kwa sababu saa hiyo ndiyo kazi ya sola ni rahisi. Hilo unaweza kulifanya mwenyewe bila kusubiri mtu akulazimishe.

Hatua ya 1: Jua uko wapi kwenye ujenzi

Kama bado una kiwanja na ramani tu, soma yote. Kama una boma lililofika kwenye lenta, ruka kidogo uanzie hatua ya 3, ila fanya haraka. Ukishapaua, nusu ya faida imeondoka. Kama unaezua nyumba ya zamani kubadilisha bati, wewe ndiye yule wanayemlenga Baden-Württemberg, na hatua ya 4 ni yako. Kama nyumba imekwisha na huna mpango wa kuigusa, funga sola kwa kadiri paa lako linavyoruhusu, ukijua utalipia zaidi waya na kuzibua kuta.

Tembe la Kigogo lenye paa bapa la udongo lisiwekewe kitu juu. Nimeona mtu Chamwino amejaribu. Simamisha fremu ya chuma uwanjani, nyumba iache kama ilivyo.

Hatua ya 2: Soma LUKU yako kabla ya kusoma bei ya paneli

Watu wengi wanaanza na swali la "paneli ya wati mia ngapi?" Anza na karatasi za LUKU. Kusanya meseji za miezi mitatu, jumlisha uniti, gawanya kwa siku.

Mteja wa kawaida wa majumbani, yule wa T1, analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) inafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Familia inayomaliza uniti 6 kwa siku inatoa kama shilingi 64,000 kwa mwezi. Hapo kuna cha kuokoa.

Lakini kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, wale wa uniti 75 kwa mwezi, uniti yako inakugharimu kama shilingi 122 tu. Uniti zote 75 hazifiki hata elfu kumi. Nitakuambia ukweli ambao muuza sola hatakuambia: kwako sola haitarudisha pesa yake kwa kupunguza bili. Nunua tu kama kinachokuuma ni kukatika kwa umeme, na hapo mfumo mdogo wa taa, televisheni na kuchaji simu unatosha.

Sasa hesabu ya paneli. Kwa jua la Dodoma, kila kilowati 1 ya paneli hutoa uniti 4 hadi 5 kwa siku. Paneli nne za wati 550 ni kilowati 2.2, sawa na uniti 9 hadi 11. Kwa nyumba ya uniti 6 kwa siku zinatosha, na ziada inameza kinachopotea kwenye betri na inverta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) pamoja na mawingu ya Januari. Kila paneli ya aina hiyo ina urefu wa kama mita 2.3 na upana wa mita 1.13, kwa hiyo nne zinakula mita za mraba 10 na kidogo. Acha nafasi zaidi ya hapo. California, kwa nyumba ambazo zinaandaliwa tu bila kufungwa paneli, wanadai futi za mraba 250 za paa ziachwe wazi, yaani kama mita za mraba 23. Kipimo hicho ni kizuri hata kwa nyumba ya vyumba vitatu Nzuguni au Nala. Fundi wa dishi asikanyage hapo, wala bomba la hewa la choo lisichomoze hapo.

Jiko la umeme, pasi na hita ya kuogea viweke kwenye hesabu ya peke yake. Hita ya papo kwa papo inavuta kilowati 3 mpaka 5 kwa mkupuo, na mfumo wa paneli nne hauwezi kuibeba. Hapa kuna jambo ambalo wenye lodge na hosteli za wanafunzi wa UDOM wanalipita mbio. Maji ya moto hayahitaji umeme, yanahitaji jua moja kwa moja. Kenya waliliona hilo mapema. Kanuni zao za 2012 zilizitaka nyumba na biashara zinazotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku zifunge mitambo ya kuchemshia kwa jua, na wenye nyumba walilalamika sana. Kwa hosteli ya vyumba ishirini, asubuhi ya Julai Dodoma ikiwa na baridi yake ile ya kukunja vidole, mtambo wa maji moto wa jua unapunguza bili kuliko paneli za umeme za bei ileile. Ila maji yetu ya visima yana chumvi. Uliza kabisa namna ya kutoa ukoga kwenye mabomba, la sivyo baada ya miaka michache yataziba kama birika la chai la bibi.

Hatua ya 3: Kaa na mchora ramani, umsumbue

Hapa ndipo pesa inaokolewa, na hapa ndipo watu wanasema "hayo ya sola tutayaona baadaye."

Swali la kwanza ni paa linatazama wapi. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Juni na Julai jua la mchana liko kaskazini yetu, Desemba linahamia kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 9, linapita utosini kabisa. Kwa jumla ya mwaka, upande wa kaskazini ndio bora, kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo si wa jua peke yake. Paneli iliyolala kabisa inashika vumbi na maji ya mvua yanakauka juu yake yakiacha tope pembeni; ikiinama kidogo, mvua inaiosha.

Usihangaike sana kama paa lako linatazama mashariki na magharibi. Kwa mwinamo mdogo hasara yake ni ndogo, na unapata faida ya kuvuna asubuhi mapema na jioni. Kivuli ndicho cha kuogopa.

Paneli ni seli zilizopangwa foleni moja, kama bajaji kwenye daraja jembamba: ikizima moja, zilizo nyuma zinasubiri. Watengenezaji wameweka vijia vya kuchepukia ndani ya paneli, kwa kawaida vitatu, ili kivuli kidogo kisiue paneli yote, lakini hata hivyo theluthi ya paneli inaweza kupotea kwa kivuli cha nguzo moja. Kwa hiyo mwambie mchora ramani akuchoree kwenye karatasi moja vitu hivi: tanki la maji na mnara wake, mti wowote ulioupanda au wa jirani, nguzo ya umeme, na kuta za juu za kuficha paa.

Hizo kuta za kuficha paa nitazisemea. Siku hizi kila nyumba mpya Iyumbu, Kisasa na Ilazo inataka paa la kuficha bati. Zinapendeza, sibishi. Ila ukuta wa mita 1 upande wa mashariki unatupa kivuli cha zaidi ya mita 2 saa 2 asubuhi, na paneli zikilazwa nyuma yake zinaamka zimechelewa na kulala mapema. Kama huwezi kuachana na mtindo huo, fanya moja kati ya mawili: punguza ukuta wa upande wa mashariki na magharibi, au mwambie fundi akuandalie fremu itakayoziinua paneli zifikie usawa wa juu wa ukuta. Fremu hiyo ichorwe sasa, na miguu yake ishike kwenye zege au kuta. Isishike bati.

Kipimo cha kivuli ni bure. Nenda kwenye kiwanja au panda juu ya boma saa 3 asubuhi, saa 6 na nusu mchana na saa 9 na nusu alasiri, upige picha ya kivuli cha kila kitu. Nimesema saa 6 na nusu kwa makusudi. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Dodoma iko karibu na nyuzi 36, kwa hiyo jua linafika kileleni kati ya saa 6 na dakika 20 na saa 6 na dakika 50, kutegemea mwezi. Fanya hivyo Juni na uyarudie Desemba kama ujenzi unavuka mwaka, kwa sababu vivuli vinahama upande. Mimi nilipima Desemba tu. Jua likiwa kusini, kivuli cha mnara wangu kilikuwa kinaangukia kwa jirani.

Kuhamisha mnara huo sasa ni kubomoa zege, kujenga upya, na kufuata upya bomba la maji ya DUWASA kutoka getini. Kwenye ramani ungekuwa mstari wa penseli.

Hatua ya 4: Kenchi, papi na bati

Paneli nne na reli zake ni kama kilo 130. Hiyo ni kama kilo 12 hadi 13 kwa kila mita ya mraba, na kenchi iliyopangwa vizuri kwa mbao zilizotiwa dawa inaibeba bila tabu. Uzito si tatizo kubwa. Tatizo ni upepo. Anayejua Dodoma ya Agosti, upepo unavyoinua vumbi kuanzia Ihumwa mpaka unashindwa kuona gari la mbele, ataelewa kwamba paneli iliyoinuliwa juu ya bati ni tanga la jahazi. Upepo unaingia chini yake na kuivuta juu. Kwa hiyo fundi apunguze nafasi kati ya kenchi na kenchi kwenye lile eneo uliloliacha, na papi, zile mbao zinazoshika bati, zifungwe kwa skrubu. Misumari peke yake haitoshi.

Fundi wangu wa kupaua aliponiona naandika kwenye mbao kwa chaki, alicheka. "Mama, sola si ya baadaye? Watakuja watapiga popote."

"Ndiyo maana naandika, fundi. Wasije wakapiga popote."

Sikuandika vya kutosha. Vijana waliokuja kufunga paneli, na sitawataja, walipiga skrubu tatu kwenye bonde la bati badala ya mgongo. Januari mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, maji yakashuka kwenye bonde kama yanavyotakiwa, yakakuta matundu matatu yanawasubiri. Jipsam ya sebuleni ikachora duara la rangi ya chai, likakua kila siku mpaka likafika kwenye taa. Jifunze kwangu: skrubu inapita juu ya mgongo wa bati, ina raba yake, na chini yake kuna papi. Ikikosa papi, itatolewa na tundu lizibwe siku hiyohiyo. Piga picha ya papi zote kabla bati halijapanda, huku tepu ya kupimia ikionekana kutoka ukingoni. Picha hizo zihifadhi kwenye simu na uwatumie ndugu wawili, maana simu huibiwa.

Kama unaezua nyumba ya zamani, angalia mbao kwanza. Bati jipya la msauzi lenye dhamana ya miaka mingi juu ya papi zilizoliwa na mchwa ni pesa ya kutupa, na paneli zitakaa hapo miaka 25. Anayeezua leo bila kuimarisha kenchi, akifunga sola mwakani, atapanda tena na kuharibu alichotengeneza.

Mwisho, acha nafasi ya hewa kati ya bati na paneli, kama kiganja kilichosimama, sentimita 10 au zaidi. Paneli hazipendi joto. Zinapimwa kiwandani zikiwa nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu ya hapo inapunguza kati ya asilimia 0.35 na 0.4 ya nguvu. Mchana wa Oktoba paneli ikifika nyuzi 60 imeshapoteza asilimia 12 hadi 14. Ikilala moja kwa moja juu ya bati la moto, inapoteza zaidi.

Hatua ya 5: Mabomba ya waya kabla ya plasta

Hii ni fupi kwa sababu ni rahisi. Kabla ya plasta, laza bomba mbili tupu kutoka eneo la paneli mpaka pale inverta itakapokaa, na moja kutoka hapo mpaka kwenye mainswichi. Weka kamba ndani ya kila bomba. Laza pia njia ya waya wa ethi kwenda chini. Gharama yake ni mabomba machache na nusu siku ya fundi.

Chumba cha betri nacho kichague sasa. Kisiwe nyuma ya ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Betri za asidi zikiishi kwenye joto la nyuzi 35 badala ya 25, umri wake unapungua kama nusu, na zinatoa gesi inayowaka, kwa hiyo zinataka dirisha. Za lithiamu zinavumilia zaidi lakini nazo hazitaki stoo ya bati. Kumbuka tofauti: betri ya asidi ya volti 12 na ampia 200 ina uniti 2.4 kwenye karatasi, ila ukitaka idumu unatumia nusu tu. Lithiamu ya uniti 5 unaitumia karibu yote.

Hatua ya 6: Karatasi

Kibali cha ujenzi kinatoka Halmashauri ya Jiji, na kwa ukarabati unaobadilisha jengo unakihitaji pia. Michoro ikiwa bado mezani, mwambie mtaalamu aonyeshe paneli, fremu na uzito wake kwenye michoro ya paa. Hakuna atakayekukatalia kwa sababu hiyo, na siku ukiuza au ukikopea nyumba, mchoro unaonyesha kwamba kitu kilichoko juu kilipangwa.

Anayefunga umeme awe na leseni ya EWURA. Muombe akuonyeshe, uangalie jina, daraja na tarehe ya kuisha. Ofisi zao kuu ziko hapahapa Dodoma, huna sababu ya kubahatisha. Kwenye vifaa tafuta alama ya TBS, na dhamana iandikwe kwa jina la duka, ikiwa na namba za paneli na za inverta.

Kama unajenga cha kupangisha, hasa ofisi au jengo kubwa la biashara, hapa ndipo ningesisitiza zaidi. Ulaya walianza na majengo ya umma na makubwa, nyumba za watu zikawekwa mwisho. Mji unaojengwa kwa kasi ya Mtumba, wenye wapangaji wengi wa serikali na mashirika, ukija kuwa na kanuni kama hizo, sioni kama zitaanzia kwa mama mwenye vyumba vitatu Nkuhungu. Zitaanza na wewe.

Hatua ya 7: Siku ya kufunga, simama hapo

Paneli haina swichi. Ikishaona mwanga ina umeme. Nne zikiunganishwa foleni zinafika kama volti 200 za umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu, na huo ukishika mkono hauachii kirahisi. Kwa hiyo watoto wakae mbali. Fundi afunge sakiti breka za DC upande wa paneli. Ile breka ya kawaida ya nyumbani haikutengenezwa kuzima cheche za DC, na nimeona iliyoyeyuka ikawa kama mshumaa. Waya wa ethi ushike reli zote na fremu. Bolti za nje ziwe za aina isiyofunguka kwa spana ya kawaida, kwa sababu wezi nao wanazo spana.

Usimalize malipo siku hiyo. Acha sehemu mpaka uone mfumo umefanya kazi siku saba, na mvua ikiwezekana.

Hatua ya 8: TANESCO na LUKU yako

Inverta yako ina mambo mawili ya kuhakikisha. Umeme wa TANESCO ukikatika, isirudishe umeme kwenye nguzo hata sekunde moja. Kuna fundi anapanda akijua laini imezimwa. Pili, kama hujakubaliana na TANESCO kuhusu kuwapelekea ziada, izuie isitoe uniti nje. Mita nyingine za LUKU hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka, zinauhesabu wote kama umeutumia, na utashangaa uniti zinaisha mchana wakati hakuna aliyewasha pasi. Kanuni za kupimiana umeme na TANESCO zipo. Anayetaka njia hiyo aende ofisini kwao kabla ya kununua inverta, si baada.

Halafu kuna kodi ya jengo. Inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Ukikaa miezi minne bila kununua umeme kwa sababu sola inakubeba, deni halilali. Siku utakayonunua wa elfu kumi, elfu sita itaondoka kwanza, na utapiga simu kulalamika bure.

Hatua ya 9: Vumbi

Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna, na vumbi la Dodoma ni laini kama unga wa mtama. Futa paneli kila baada ya wiki mbili au tatu, alfajiri au jioni kioo kikiwa cha baridi; ukimwaga maji ya baridi mchana kioo kinaweza kupasuka. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga kama unayo. Ya kisima yanaacha ukungu mweupe ambao baada ya miezi unakuwa mgumu kuliko vumbi lenyewe, kwa hiyo ukiyatumia futa yakauke palepale kwa kitambaa laini. Sabuni ya unga hapana, na brashi ya chuma hapana. Funga mti mrefu kwenye kifagio cha sponji ufanye kazi ukiwa chini au kwenye ngazi. Usikanyage paneli, hata mtoto mwepesi asikanyage; nyufa za ndani hazionekani kwa macho.

Tundika kalenda karibu na inverta. Kila Jumapili jioni andika uniti ilizozalisha wiki hiyo. Kwangu, wiki ya kwanza baada ya kufuta inapanda, halafu inashuka taratibu mpaka nishike tena kifagio, na kuanzia mwishoni mwa Mei inashuka zaidi hata paneli zikiwa safi. Ndivyo nilivyoligundua lile tanki.